Parabrizi: ya «origini» au ya kuiga? Kuna maswali ya kuuliza kwanza



Katika ukurasa huu tunakukumbusha daima juu ya kofia, viatu, miwani na mkanda wa usalama. Mgodini hakuna anayeingia kazini bila vitu hivyo, na shefu wa zamu hakubali maneno. Lakini zamu inapokwisha, watu wale wale wanapanda motokari zao na kukaa nyuma ya kioo kilichopasuka kutoka pembe hadi pembe. Wengine wamekishika kwa skochi. Watoto wako mbele, juu ya magoti ya mama. Basi leo tuongee juu ya kioo hicho cha mbele, ambacho sisi wote tunakiita parabrizi.

Barabara zetu ni adui ya vioo, kila shoferi anajua. Kati ya Lubumbashi na Kolwezi, karibu kilomita 300, makamyo ya shaba na ya asidi yanapita mchana na usiku. Kamyo moja likikanyaga changarawe, jiwe linaruka na kukupiga. Kwanza unaona kidoti kidogo kama mbegu. Mashimo ya barabara yanatikisa motokari, jua linachoma mchana, baridi inashika usiku, na kidoti kinakuwa mstari. Baada ya majuma machache mstari umefika pembeni, na unapaswa kununua kioo kipya.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza, kwenye garaji na chini ya miembe ya kambi. Mmoja anasema: «Nunua ya origini tu, hizo nyingine ni takataka.» Mwingine anajibu: «Feza za bure! Kioo ni kioo.» Mimi nayatoa maoni yangu wazi. Wote wawili wana sehemu ya kweli, na wote wawili wanaweza kukupeleka kaburini, kwa sababu hilo siyo swali la kwanza.

NAMNA NILIVYOJIFUNZA

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa origini. Kioo changu kilipopasuka, sikutaka kusikia habari ya kioo cha kuiga. Fundi mmoja akanitafutia kioo chenye alama ya kiwanda kilichotengeneza motokari yangu, kwa bei iliyonipendeza. Alinionyesha alama kwenye pembe, nami nikalipa kwa furaha. Asubuhi alikibandika, na saa sita nikawa njiani kuelekea Likasi pamoja na bibi yangu na mtoto wetu mdogo.

Mvua ya kwanza iliponyesha, bibi aliniambia magoti yake yanalowa. Nilicheka. Mvua ya pili ikalowanisha viti. Nikapeleka motokari kwa fundi mwingine, mzee asiyesema sana. Aliingia ndani, akaweka viganja viwili kwenye kioo, akasukuma. Hakutumia nguvu nyingi. Kioo kizima kilitoka kama kifuniko cha sufuria.

Mzee yule akanifundisha. Kioo kilikuwa cha origini kweli, lakini kilikuwa kimetolewa katika motokari iliyokwisha kuanguka. Kingo zake zilikuwa zimekwanguliwa na kisu. Na kilikuwa kimebandikwa kwa silikoni, ile ya kuzibia maji bafuni, juu ya kutu. Mtoto wangu alikuwa amesafiri majuma mawili nyuma ya kioo ambacho hakikushikwa na kitu. Jina nililolilipia lilikuwepo, usalama haukuwepo.

KIOO HIKI KINAFANYA KAZI GANI?

Wengi wanafikiri parabrizi ni kwa ajili ya upepo na mvua tu. Hiyo ni kazi yake ndogo.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba, na katikati yao kuna utando wa plastiki wenye unene wa karibu milimita 0,76. Jiwe likipiga, kioo kinapasuka lakini vipande vinabaki vimeshikwa na utando. Mtu aliyefungua njia hiyo ni Édouard Bénédictus, mwanakemia wa Ufaransa. Mwaka 1903 aliangusha chupa katika maabara yake. Chupa ikapasuka lakini haikutawanyika, kwa kuwa ndani yake mlikuwa mmebaki utando wa dawa iliyokauka. Mwaka 1909 aliandikisha uvumbuzi wake.

Vioo vya milango kwa kawaida si hivyo. Hivyo vimepashwa moto mkali na kupozwa ghafla, na vikivunjika vinakuwa punje ndogo ndogo. Zamani, katika motokari nyingi za Ulaya za miaka ya 1960 na 1970, hata kioo cha mbele kilikuwa cha namna hiyo. Jiwe moja lilipopiga, kioo kizima kiligeuka cheupe mara moja, na shoferi alikuwa kama kipofu. Ilimpasa kukitoboa kwa ngumi ili aone njia. Ndiyo sababu vioo vya namna hiyo viliachwa mbele.

Kazi ya pili ni kumzuia mtu asitupwe nje. Kazi ya tatu ni kusaidia paa. Katika motokari za siku hizi ambazo kioo chake kimebandikwa kwa gundi, kioo hicho kinaongeza nguvu ya bodi, na motokari ikipinduka kinasaidia paa lisiwabonyeze watu. Kazi ya nne wachache wanaijua. Katika motokari nyingi, mfuko wa hewa wa abiria wa mbele unapofumuka, unaegemea kioo kwanza ndipo unamrudia abiria. Jambo hilo linatokea kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kioo kisiposhika, mfuko unakisukuma nje na kumwacha mama bila kinga.

Sasa unaelewa kwa nini viganja viwili vya mzee yule viliniogopesha kuliko jiwe la kamyo.

«ORIGINI» MAANA YAKE NINI?

Viwanda vya motokari kwa kawaida havitengenezi vioo. Vinanunua kwa viwanda vya vioo: Saint-Gobain ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1665, AGC ya Japani, iliyoanza mwaka 1907, Fuyao ya China, iliyoanza mwaka 1987, na vingine. Viwanda hivyo hivyo vinauza pia vioo bila alama ya motokari, kwa ajili ya magaraji. Kwa hiyo kioo kinachoitwa cha kuiga kinaweza kuwa kimetoka katika kampani moja na kile cha origini. Sehemu ya bei unayoongeza ni ya jina.

Lakini usikimbilie kusema kwamba vyote ni sawa. Kioo cha origini kimepimwa kwa ajili ya motokari yako: mkunjo wake, unene wake, rangi yake, mahali pa kioo cha kutazamia nyuma. Kati ya vioo vya kuiga kuna vizuri na kuna vibaya kabisa. Vibaya vina mawimbi ndani yake. Mchana huyaoni vizuri, lakini usiku, unaporudi kutoka zamu ukiwa na usingizi machoni, taa za kamyo linalokuja zinacheza na kuwa mbili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, motokari inapita mita 22 kila sekunde. Ukibahatisha sekunde mbili tu taa ya kweli ni ipi, umekwisha kupita mita 44.

Na tena jina linaweza kudanganya. Alama ya motokari ni rahisi kuchapwa na mwizi. Na kioo cha origini kilichotolewa katika motokari iliyoanguka ni kibaya kuliko kioo kipya cha kiwanda kingine chenye alama za kweli.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Ndugu msomaji, kata sehemu hii uiweke katika motokari yako.

1. Kioo ni cha tabaka mbili? Kabla hakijabandikwa, angalia ukingo wake. Lazima uone mstari wa utando katikati, kama mkate wenye siagi ndani. Usipouona, kataa.

2. Kina alama gani? Tazama kwenye pembe. Alama ya Ulaya ni herufi E pamoja na namba ndani ya duara. Namba inaonyesha nchi iliyotoa ruhusa: E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza, E43 ni Japani. Karibu yake huandikwa 43R, yaani kanuni ya 43 ya Umoja wa Mataifa juu ya vioo vya motokari. Namba ya Kirumi II inaonyesha kioo cha mbele cha tabaka, lakini I ni kile kinachogeuka cheupe. Kwa kanuni ya Marekani utaona DOT na AS1. Ukiona AS2, ujue kioo hicho hakikuruhusiwa kuwekwa mbele. Kile cha China kina alama CCC. Kioo kisicho na alama hata moja, usikinunue hata kwa bei ya bure.

3. Je, alama zinapatana? Linganisha na vioo vya milango ambavyo havijabadilishwa. Fundi akisema «origini», jina la motokari na namna ya maandishi vifanane. Maandishi yanayotoka kwa ukucha si ya kiwanda.

4. Kinaonyesha sawa? Kisimamishe, rudi nyuma hatua mbili, tazama kupitia kioo mlingoti au ukingo wa ukuta, kisha sogeza kichwa polepole. Mlingoti ukicheza kama nyoka, rudisha kioo dukani.

5. Kinakaa? Fundi akiweke mahali pake bila gundi kwanza. Nafasi iwe sawa pande zote. Kioo kinacholazimishwa kwa nguvu kitapasuka chenyewe siku ya baridi.

GUNDI NA SAA ZAKE

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza kila kitu. Wanabishana saa nzima juu ya jina la kioo, halafu hawatazami hata mara moja gundi iko namna gani.

Gundi ya kioo cha motokari ni poliuretani. Silikoni si gundi ya kazi hii. Omba kuona mrija: jina lake, tarehe ya kuisha, na saa za kungoja zilizoandikwa juu yake. Fundi aondoe kutu yote, apake dawa ya kwanza juu ya chuma kilichokwanguliwa, asafishe ukingo wa kioo na asiuguse tena kwa mikono yenye mafuta. Kamba ya gundi izunguke kioo chote bila kukatika. Akikosa kufanya hivyo, hata kioo cha bei kubwa kabisa kitatoka kama changu.

Halafu ngoja. Gundi hii inakauka kwa msaada wa unyevu wa hewa na joto. Kwetu Katanga, wakati wa kipwa, hewa ni kavu na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali. Wakati huo gundi inakawia kuliko wakati wa mvua. Kuna gundi inayotaka saa moja tu na kuna inayotaka siku nzima. Ushauri wangu ni huu: acha motokari ilale kwenye garaji usiku mmoja. Kesho yake fungua kidogo kioo cha mlango, usipige milango kwa nguvu, usioshe motokari kwa maji ya nguvu, na usiende kwanza kwenye barabara ya mashimo. Fundi anayekuambia «panda uende» hakuhurumii. Anataka nafasi ya mteja mwingine.

Makamyo na motokari kadhaa za zamani zina kioo kilichoshikwa kwa mpira, si kwa gundi. Huko dai mpira mpya. Mpira uliokauka na kupasuka hauwezi kushika kioo kipya. Kioo chenyewe kiwe cha tabaka vile vile.

LINI UDAI ORIGINI?

Ikiwa motokari yako ni ya miaka hii, tazama nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Ukiona jicho la kamera limeelekea barabarani, usifanye mchezo. Kamera hiyo inasoma njia kupitia kioo, na katika motokari nyingi ndiyo inayosaidia kufunga breki. Hapo chukua kioo cha origini, au kile ambacho kimeandikwa kuwa ni cha aina hiyo hiyo, chenye mahali pa kamera. Na baada ya kukibandika, kamera ipimwe upya kwa chombo chake. Garaji isiyo na chombo hicho haiwezi kumaliza kazi hiyo. Kamera ikipinda kidogo tu, mbali barabarani kosa ni kubwa.

Lakini motokari nyingi za jamaa zetu, zile zinazotoka Japani zikiwa zimetumika na kupita Dar es Salaam na Kasumbalesa, ni za zamani na hazina kamera. Kwa hizo, nasema bila aibu: kioo kipya cha kiwanda kingine, chenye alama za kweli, kisicho na mawimbi, kilichobandikwa kwa poliuretani na kungojewa usiku mzima, kinakutosha. Feza utakazobakiza, lipa fundi mzuri na gundi nzuri. Zikizidi, nunua mkanda mpya wa kiti cha nyuma, kwa sababu hakuna kioo kitakachomwokoa mtu asiyejifunga. Na mtoto mdogo nafasi yake ni nyuma.

Tena, usingoje mpaka uhitaji kioo kizima. Kidoti kidogo kuliko franka ya chuma, kisichokuwa mbele ya macho ya shoferi wala karibu na ukingo, kinaweza kuzibwa kwa dawa maalum. Weka kipande cha skochi juu yake siku ile ile ili vumbi na maji visiingie, uende kwa fundi upesi. Na asubuhi ya baridi usimwage maji ya moto juu ya kioo. Mstari ukiwa tayari mbele ya macho yako, au ukifika ukingoni, muda wa kuziba umepita. Badilisha.

NENO KWA WAKUBWA

Sitaki kusema na mtumishi peke yake. Na sisi tunaonunua piesi za motokari za kazi tujiulize. Tukichagua muuzaji kwa bei ya chini tu, tunaandika katika karatasi ya kununua «kioo cha mbele, kimoja», bila kutaja alama wala gundi. Halafu tunashangaa maji yanapoingia katika motokari inayochukua watu wa zamu. Tuandike alama tunazozitaka. Tuwape mafundi wetu saa za kungoja, na shefu asimlazimishe fundi kutoa motokari kabla ya saa kwa sababu zamu inangoja. Zamu iliyochelewa saa moja si msiba.

Na wewe mama, una haki ya kusema. Bwana akikuambia kioo ni kipya, muulize: «Kimelala usiku mmoja? Gundi ni gani? Alama yake iko wapi?» Akikosa jibu, usipande na watoto. Bibi yangu hakuuliza siku ile, kwa kuwa aliniamini. Siku hizi anauliza kila mara, na ninashukuru.

Wapenzi wasomaji, kujikinga ni bora kuliko kujiponya. Jumapili hii, kabla ya kwenda kanisani, zunguka motokari yako. Soma pembe ya kioo, pitisha kidole kwenye ukingo, tazama kama kuna kutu au maji. Ukikuta jambo baya, lipeleke kwa fundi Jumatatu, usingoje mshahara wa mwezi ujao.

Usalama mgodini, usalama barabarani, usalama nyumbani!